Hodi ya Nne

Saa nne usiku, Gerezani, ghala la dawa la Bi. Zamoyoni.
Umeme ulikatika alasiri, ukarudi kwa hasira,
na tangu hapo mashine ya ndani haisemi na ya nje.

Nimwelezeje mama wa watu?
Nilimwambia: ndani ya kompyuta hii kuna kompyuta nyingine,
haina bati wala msumari, imepangishwa chumba.
Hii kubwa ni mwenyeji. Ile ni mgeni.
Akanitazama juu ya miwani:
"Sasa mgeni yumo ndani,
anashindwaje kuongea na mwenye nyumba?"

Swali hilo, mama, hata mimi nimelala nalo
miezi mitatu, Mbagala Rangi Tatu,
chumba cha uani kwa kaka yangu Mwinyikombo.
Mita moja, bomba moja,
ukuta mmoja ambao kikohozi chake kinapita
na salamu haipiti,
tangu tulipotupiana maneno ya luku.

Nianze na waya. Daima waya kwanza;
panya wa Gerezani hawana dini.
Nimeupapasa kutoka swichi hadi mgongo wa seva.
Taa ya kijani inakonyeza, inakonyeza.
Mzima.

Nimeingia kwa mgeni, nimemwambia ajiite mwenyewe.
Ameitika papo hapo: mia ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja,
kama mtu anayejisemesha bafuni.
Kwa hiyo hajafa. Jina lake analijua.

Nimemwambia ampigie hodi mwenyeji.
Hodi.
Kimya.
Hodi.
Kimya.
Hodi.
Muda umekwisha.
Hodi.
Pakiti zilizotumwa nne, zilizopokelewa sifuri.

Mashine hii hupiga hodi nne.
Bibi yetu kule Rufiji alitufunza tatu:
ya kwanza wasikie, ya pili wajistiri, ya tatu wafungue;
ukikosa jibu geuza, usichungulie dirishani.
Ya nne hakuitaja.

Nimeushusha ukuta wa moto, dakika moja, roho mkononi.
Bure. Nimeupandisha.
Nimesoma anwani kwa kidole kama mtoto wa chuoni,
tarakimu kwa tarakimu:
mtaa mmoja, nyumba jirani, hakuna kosa.
Mlinzi, Bwana Nakachwa, ameniletea chai ya tangawizi
na ushauri wa bure: "Zima, washa."
Nimezima. Nimewasha.
Yaleyale.

Saa saba kasoro ndipo nikaliona daraja.
Kati ya mwenyeji na mgeni kuna daraja lisilo na nguzo,
tunalichora kwa maneno tu.
Umeme uliporudi, kadi mbili ziliamka zikipokonyana majina,
ya pili ikajiita ya kwanza,
na daraja likaegemea kadi ambayo haijachomekwa kitu:
zima, imara, linaishia hewani.
Kama Jangwani mvua ikikolea:
barabara ipo, watu wapo kingo zote mbili,
wanapungiana mikono
na havuki mtu.

Kumbe hawakununiana.
Kila mmoja alikuwa akimwita mwenzake
kwenye mlango usiokuwapo.

Mstari mmoja nimeufuta, mmoja nimeuandika.
Hodi.
Karibu, milisekunde sifuri nukta nne.
Hodi. Karibu. Hodi. Karibu.
Bi. Zamoyoni kwenye simu, usingizi kooni:
"Walikosana nini?"
"Majina tu, mama. Ankara zako zitatoka asubuhi."

Bodaboda, Barabara ya Kilwa, vumbi la saruji menoni.
Geti la kaka lina kutu yake ileile.
Taa ya sebuleni inawaka.
Huwaka kila usiku hadi nirudi;
miezi mitatu nimekuwa nikijisemea, tazama,
nani sasa anayemaliza luku?

Hodi, nimesema.
Hodi.
Hodi.

Bibi, nisamehe.